Kijiti chenye Uzi Mwekundu

Krr. Krr.

Kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana, polepole, halafu anatulia kusikiliza kama kuna aliyemsikia.

Eufrazia alifumbua macho gizani. Majogoo walikuwa hawajaanza kuwika. Ubavuni mwake Mena, binti yake wa miaka minne, alilala kifudifudi, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake. Ng'ambo ya pazia mama mkwe wake, Bi Yuliana, alikoroma kidogo, akanyamaza, akakoroma tena. Sauti ile haikuwa ya mtu aliyelala. Haikuwa ya panya pia, maana panya hana subira. Hii ilikuwa na subira. Krr. Ikatulia. Krr.

Aliushusha mguu wa mtoto taratibu, akatambaa hadi kwenye kabati la vyombo. Kando yake lilikuwapo sanduku la ubao lililofunikwa kwa kipande cha chandarua. Akabandika sikio.

Sauti ilitoka ndani ya kijiti.

Akabaki amepiga magoti, kiganja kifuani, hajui afurahi au aogope. Siku kumi na tatu kijiti kile kilikuwa kimya. Leo Jumamosi, siku ya kuja gari, ndipo kimepata sauti. Labda ndivyo wanavyozaliwa. Labda ndivyo wanavyokufa. Daftari lake alikuwa ameliandika mpaka ukurasa wa arobaini, na hapakuwa na hata mstari mmoja wa kumjibu.

Hakulala tena. Alikaa, akasimama, akakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Alichungulia mlangoni kuona kama msitu wa Kazimzumbwi umeanza kutoka gizani. Ulikuwa bado ni ukuta mweusi nyuma ya mihogo ya Chanika.

Mambo haya yalianza miezi mitano nyuma, katika ofisi ya tawi la TANU, kwenye darasa la jioni. Eufrazia alikuwa amefaulu hatua ya tatu ya kusoma na kuandika, na alikuwa akiisogelea ya nne kwa pupa ya mtu aliyechelewa kula. Jioni hiyo Mwalimu Wilbert aliingia na mgeni, mwanamke wa Bukoba aliyevaa viatu vya raba na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Jina lake Demetria. Kazi yake, alisema, ni wadudu. Wanaume wa nyuma wakacheka, mmoja akauliza kama amekuja kuwachukua kunguni wake, maana anao wa kutosha. Demetria akacheka nao, kisha akaeleza anachokitafuta: kipepeo mdogo kama ukucha wa dole gumba. Juu ana rangi ya chungwa iliyoungua pembeni. Chini ana madoa ya fedha, kana kwamba mtu amemdondoshea risasi ya kulehemu. Anaruka juu kabisa ya miti ya misandarusi, mahali ambapo mtu hafiki. Wenzake ofisini walikuwa wamemwona mara tatu tu. Hakuna aliyejua anataga wapi, wala watoto wake wanakula nini.

Eufrazia aliinua mkono kabla hajajua kwamba ameuinua. Alimjua. Alipokwenda kuokota kuni alimwona akishuka saa tisa hivi mchana, jua likiwa kali, akitua kwenye shina la msandarusi mkongwe, palipojaa sisimizi. Anatembeza mkia kwenye gome kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

"Wa kumkamata nitawapata wengi," Demetria alimwambia baada ya darasa. "Mie namtaka mtu wa kumlea. Nitolee mmoja tu, ndugu yangu, kutoka yai mpaka mabawa, nimwone mzima. Nina nafasi ya kazi ya mtu wa kukaa na msitu huu, na sitaki kumpa mtu anayejua kuua tu."

Usiku ule Eufrazia alimwambia Mena, aliyekuwa tayari amelala, kwamba mama atapata kazi ya kulea. Akacheka mwenyewe. Kazi hiyo si alikuwa nayo tayari?

Mayai ya kwanza yalileta viwavi kumi na mmoja. Aliwatunza kama mwanamke yeyote msafi anavyotunza kitu chenye thamani ndani ya nyumba: sanduku juu ya kabati, na miguu minne ya kabati ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa, sisimizi wasipande. Ndivyo sukari inavyowekwa. Ndivyo mama yake alivyohifadhi maziwa ya wadogo zake. Sisimizi waliokuja na majani aliwafagia kwa unyoya wa kuku, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Viwavi wakala siku mbili. Siku ya nne wakaota ukungu mweupe mgongoni. Wiki haikuisha.

Mara ya pili walikuwa sita. Akaosha majani kwa maji yaliyochemshwa, akabadilisha mafuta ya taa kila siku. Wakafa upesi zaidi. Jirani yake Margareta, aliyemshikia Mena jioni za darasa, alimwambia kwamba wadudu hao wanakufa kwa aibu, hawajazoea nyumba safi hivyo.

Ndipo alipombeba Mena mgongoni na kwenda kukaa msituni siku nzima, chini ya msandarusi ule, hatua nne kutoka kwenye shina. Mchana hakuona kiwavi hata mmoja. Jua lilipoanza kuzama nyuma ya vilima vya Pugu, kwenye vijiti vikavu vilivyotobolewa na funza wa zamani, vichwa vikachomoza. Kila kiwavi alitoka na sisimizi wake, watano, saba, wengine wakimtangulia, wengine wamempanda. Wakamsindikiza hadi kwenye majani. Alipokuwa akila wakampapasa mgongo kwa vipapasio, naye akatoa tone, kama jasho, wakalinywa. Nyigu mmoja alikuja. Sisimizi wote wakainua mikia juu kwa pamoja, na nyigu akaenda zake. Ukungu haukupata pa kushika, maana mgongo ulirambwa bila kukoma.

Eufrazia alitazama mpaka giza likafuta kila kitu. Mena alikuwa amelala mgongoni, mate yake yakimlowesha bega. Alipofika nyumbani aliwasha koroboi, akaandika katika daftari mstari mmoja tu: *Nilikuwa namfukuza yaya.*

Mara ya tatu hakuleta majani tu. Alileta tawi lenye vijiti vyake vikavu na sisimizi wake wote, akaliweka sandukuni chini sakafuni, akayatoa makopo. Sisimizi wakafanya njia yao ukutani. Sukari ikaliwa, naye akatazama tu. Kati ya viwavi wanne, mmoja alikua. Siku kumi na tatu zilizopita aliingia katika kijiti chake mchana kama kawaida, na jioni hakutoka. Demetria alikuwa amemfundisha: hapo anakuwa pupa, hali wala hatembei, anageuka. Ili asikichanganye kijiti hicho na vingine, Eufrazia alikifunga uzi. Alimwambia Mena kwamba mdudu amelala, wasimwamshe, na kila asubuhi mtoto aliuliza kama ameamka, na kila asubuhi akajibiwa bado.

Siku sita zilizopita Bi Yuliana alishuka kutoka Masasi na kikapu cha korosho. Kijijini kwao watu walikuwa wamegawiwa viwanja katika kijiji kipya cha ujamaa. Kimoja kiliandikwa jina la mwanawe Kasimiri, na kisipokaliwa kitapewa mwingine. Kasimiri alichonga vinyago Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, akirudi nyumbani Jumamosi jioni, na siku hizi wageni walikuwa wachache. Walikuwa wamekubaliana, mama na mwana, mbele ya Eufrazia: Jumatatu basi la Masasi, wote wanne. Isipokuwa kama barua ya kazi itakuwa imetoka.

"Kama huyo mdudu wako ana mabawa," Kasimiri alimwambia mkewe alipokuwa akiondoka, akilibonyeza sanduku alilolipigilia misumari kwa mikono yake, "basi na atoke, mama Mena. Mie nakutakia mema, lakini basi halimsubiri mdudu."

Huko Masasi lilikuwapo darasa la jioni? Hakuna aliyejua. Misandarusi ilikuwapo? Hakuuliza, asije akachekwa.

Kulipokucha alichukua ndoo akaenda kisimani. Foleni ilikuwa ndefu na wanawake hawakuwa na haraka. Walikuwa wakimsema mwenyekiti na trekta lake lisilowaka. Eufrazia alibadilisha mguu, akabadilisha tena. Akakadiria jua. Gari la Demetria lingefika saa tatu. Alipojaza ndoo aliondoka karibu akikimbia, maji yakimpiga shingoni.

Harufu ya mafuta ya taa ilimlaki kabla ya mlango.

Ndani sakafu ilikuwa imenyunyizwa maji na kufagiwa mpaka ikaonyesha mistari ya ufagio. Miguu minne ya kabati ilisimama ndani ya makopo yake ya zamani. Kutoka ukutani hadi pembeni ulikuwapo mstari wa majivu ya moto, na ndani yake vitu vidogo vyeusi kama majani ya chai yaliyomwagika. Sanduku lilikuwa nje, limepanguswa, limeinamishwa juani likauke.

Bi Yuliana alichuchumaa mbele ya mafiga, akipuliza. Chini ya sufuria ya chai vijiti vyembamba vilikuwa vinashika moto vizuri.

"Shikamoo, mama," Eufrazia alisema, kwa sababu ndivyo mdomo ulivyozoea.

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wako atakuta nyumba. Nimekusafishia."

"Ahsante, mama. Vijiti vilivyokuwa sandukuni viko wapi?"

Mama mkwe hakugeuka. "Kuni zile?"

Hata yeye hakukumbuka baadaye jinsi ndoo ilivyoshuka kutoka kichwani. Maji yalikwenda kwenye moto, yote. Majivu yakaruka, sufuria ikapinduka, chai ya maziwa ikakimbia uani. Alikuwa amezima moto wa mama mkwe wake, na mama mkwe amechuchumaa hapo hapo, kanga yake imelowa.

Eufrazia akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, mama." Lakini huku akiomba msamaha mikono yake ilikuwa inachomoa vijiti kutoka kwenye majivu, kimoja kimoja, akivigeuza. Vingine vilikuwa mkaa. Vingine nusu. Hakuona uzi.

"Kimoja kilikuwa na uzi," alisema.

Bi Yuliana alikuwa amesimama sasa, akikamua pindo la kanga. "Mwekundu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mie nimezaa sita na nimezika wanne, Eufrazia. Nikikuta kijiti kimefungwa uzi mwekundu, kimefichwa ndani ya sanduku, ndani ya nyumba ya mwanangu, unataka nifikirije?"

"Ungeniuliza."

"Mtu mwenye kitu kama hicho haulizwi."

Eufrazia alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha kiti alichokuwa akifuma jioni ambazo hakuna darasa. Maua yake yalikuwa mekundu, na moja lilikosa nusu ya petali. Alimwonyesha tu.

Mama mkwe alikitazama kitambaa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ua lisilokamilika.

"Uzi nimeutia chumvi nikautupa chooni," alisema, sauti ikiwa chini. "Kijiti chenyewe niliogopa kukichoma peke yake, moshi usimwingie mtoto. Nilikichanganya na vijiti vingine. Nilitaka kiungue bila mtu kujua ni kipi." Akaonyesha kwa kidevu. Pembeni mwa ukuta lilikuwapo fungu la kuwashia moto, vijiti vya wiki nzima, vyote vikavu, vyote rangi moja. "Nilichukua kutoka hapo. Kiganja kimoja. Labda viwili."

Honi ikalia barabarani.

Landrova ilisimama kwenye mihogo injini ikinguruma. Demetria alishuka na kisanduku chake cha bati na tabasamu la mtu aliyesafiri kwa tumaini. Akamwamkia Bi Yuliana, akamgusa Mena shavuni, kisha akaona uwanja: moto uliolowa, sufuria kifudifudi, sanduku tupu juani. Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaondoka.

"Amekufa?" aliuliza.

Eufrazia alikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza lilikuwa ndiyo, amekufa, kama wale wengine. Jibu hilo lingekwisha upesi na lisingemwaibisha mtu. La pili lilikuwa la kunyoosha kidole. Alilitazama jibu hilo la pili: mama mkwe wake, amesimama na kanga yake iliyolowa, mguu mmoja umeungua kidogo na majivu bila kulalamika.

"Yupo, Ndugu Demetria," alisema. "Ila hatujui yuko kwenye kijiti kipi."

"Nimemtupa mie," Bi Yuliana akadakia, kabla pumzi ya mkwewe haijaisha. "Usimwandikie yeye kosa. Niandikie mie."

Demetria alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema kwa upole kwamba gari linatakiwa mjini kabla ya saa sita, kuna wengine wanaolisubiri. Vijiti kama hivi huwezi kuvipasua ovyo. Ukikosea kwa unene wa unywele umemkata. Angeweza kuvichukua vyote akavitazame ofisini, lakini huko njiani, na mtikisiko huu... Hakumaliza.

"Alfajiri alilia," Eufrazia alisema.

"Nani?"

"Yeye. Ndani ya kijiti. Kama kitana." Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kisanduku cha bati, mara mbili.

Demetria akasema kwamba amewahi kusoma kuwa wapo pupa wanaotoa sauti, inasemekana wanaongea na sisimizi. Kusikia, hajawahi. Akageuka kwa dereva na kumwomba azime injini.

Ukimya uliofuata haukuwa ukimya. Kuku alikuwa akiparua, trekta la kijiji likakohoa huko mbali na kushindwa, ndege ya kwenda Kipawa ikapita chini juu yao, ikakokota ngurumo yake hadi bahari ilipo. Waliisubiri iishe. Eufrazia aliketi chini, akachukua kijiti cha kwanza, akakiweka sikioni, akafumba macho. Hakuna. Akakiweka kulia kwake. Cha pili. Hakuna. Demetria alitandika koti lake, akaketi naye, akaanza upande wa pili wa fungu. Aliona daftari lililotolewa nje pamoja na sanduku, akalifungua kwa mkono mmoja huku kijiti kikiwa sikioni. Akasoma, akafunua, akasoma, na kwenye ukurasa mmoja akasita na kumtazama Eufrazia.

Bi Yuliana hakuwa akisikia vizuri kwa sikio la kushoto. Alikunja kanga yake iliyolowa, akaketi nao, akabandika vijiti kwenye la kulia, uso wake umekazana kama wa mtu aliye kanisani. Kila alichokimaliza alikiweka chini kwa uangalifu ambao hakuna kuni iliyowahi kuupata.

Fungu la kulia likakua. Fungu la kushoto likapungua. Dereva alitazama saa yake, akatazama pembeni.

Vilipobaki vichache, Eufrazia alishindwa kutofautisha kijiti na damu yake mwenyewe inayopiga masikioni. Akatulia. Akainua macho kumtafuta mwanawe.

Mena hakuwa kwenye fungu. Alikuwa amechuchumaa peke yake chini ya ukuta, mahali palipokuwa na ufa, ambako sisimizi walionusurika majivu walikuwa wakitoka, wachache, mmoja nyuma ya mwingine. Hawakuwa wakienda jikoni. Walikwenda kwenye kijiti kimoja kilichodondoka njiani, kati ya sanduku na fungu la kuni, ambacho watu wazima wanne walikuwa wamekiruka asubuhi nzima. Mtoto alikiokota kwa vidole viwili, akakiweka sikioni kama alivyoona wengine wakifanya. Sisimizi mmoja alimpanda kiganjani, mkia juu. Hakumpukuta.

Alisikiliza, mdomo wazi kidogo.

"Mama, huyu ameamka."